Programu Iliyojua Iko Sandukuni

Jumatano, Matisi. Mawingu yamekaa juu ya Kitale tangu asubuhi na mvua hainyeshi. Nimefunga saiba yangu, kibanda changu cha kompyuta na intaneti, saa tisa mchana, jambo ambalo sijawahi kufanya.

Acha nikiri kosa kabla sijaanza kujitetea.

Wazee wa huku hawakariri maneno yao ya siri. Nikishamfungulia mtu akaunti kwenye tovuti ya serikali, ananiambia nimwekee, kisha anaenda zake shambani. Nimewawekea watu sitini na kitu, wote kwenye faili moja niliyoiita "Wazee". Ndiyo maana sifungui kitu kigeni ovyo. Nina sanduku, yaani programu inayofungia programu nyingine ndani yake, icheze humo humo bila kugusa kompyuta. Ikileta ujinga, namwaga sanduku na kila kitu kinapotea. Nimewacheka sana wenzangu wasio nalo.

Wiki jana binamu yangu Wekesa, mwenye saiba kule Bumula, alinitumia programu ya kurekebisha picha za pasipoti. Niliifungia sandukuni siku tatu. Ikatulia, ikafanya kazi vizuri. Jana nikaitoa, nikaiweka kwenye kompyuta yenyewe.

Leo saa saba nilifunga mlango nikaenda kula. Niliporudi, taa ndogo ya kamera ya kompyuta ilikuwa inawaka. Nikakimbilia faili ya Wazee. Ilikuwa imefunguliwa saa saba na dakika kumi na nne.

Hakuna mtu aliyekuwa ndani.

Nikampigia Wekesa. "Ati hata wewe?" akasema. "Yangu ilianza juzi, bana. Sikujua nitakuambia aje."

Nilimkatia simu kwa hasira. Halafu nikasoma kwenye simu yangu kwamba kuna programu zinazotambua zikiwa zimefungiwa, zinajifanya watakatifu mpaka zitolewe. Siku zile tatu nikiichunguza, nayo ilikuwa inanisubiri. Nimeogopa, sitaficha.

Nimechomoa waya wa intaneti, nikaanza kuwapigia wazee mmoja mmoja. Wa kwanza ni Mama Nafula wa Kabuchai. Karatasi za shamba aliloachiwa na marehemu mumewe ziko kwenye akaunti yake ya serikali; nilizipakia mwenyewe. Nilimweleza polepole kwamba mtu ameona neno lake la siri na lazima libadilishwe leo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitamani anigombeze.

"Si ubadirishe tu, mwanangu," akasema. "Na hiyo mpya uniwekee hapo hapo kwako."

Waya uko sakafuni, lakini taa ya kamera bado inawaka. Nimebakisha majina sitini. Naomba angalau mmoja wao akatae kuniamini.