Unga Uliozama

Viwanja Sitini, Ifakara
14 Julai 1996

Kaka Fulgensi,

Shikamoo. Huku mpunga tumeshavuna, na kuku wako wawili wametotoa.

Macho ya mama yamekuwa ya njano. Jumatatu alikuja zahanati akataka nimpime mimi, si mtu mwingine. Maabara yetu bado inatumia kipimo cha zamani: tunanyunyiza unga wa salfa juu ya mkojo. Kwenye maji safi unga huelea, kwa sababu uso wa maji umejikaza kama ngozi ya ngoma. Mkojo ukiwa na nyongo, uso huo hulegea na unga huzama.

Niliweka glasi mbili mbele yake, moja ya maji, moja ya mkojo, nikanyunyiza. Kwenye maji unga ulibaki juu. Kwenye mkojo wa mama ulishuka wote mpaka chini.

Nikamwambia, "Mama, unga huu ni wa siku nyingi, umeharibika."

Akaniangalia. "Emere, si umetoka kopo moja?"

Akanifuta machozi kwa kanga yake, akasema, "Usimwandikie kaka yako. Ataacha kazi ya miwa bure."

Daktari naye amempima. Ni ini, na amesema hatuna muda mrefu.

Njoo wiki hii, kaka. Ukifika, mwambie mama umepewa likizo. Atajua unamdanganya, lakini atafurahi kukuona.

Mdogo wako,
Emerensiana