Mwanya wa Karatasi Moja

Jumatatu, 3 Machi

Msumeno wa mkanda umefika! Mpya, wa kijani, mrefu kunishinda. Wapakuzi wanne, kelele za watu kumi. Mama mkwe alisimama barazani akitoa amri kana kwamba kaununua yeye. Umewekwa pale pale uliposimama ule wa zamani.

Baba watoto hakutoka. Alikaa sebuleni, redio juu kabisa. Tangu mkanda wa ule wa zamani ulipokatika na kumwondolea vidole viwili vya mkono wa kushoto, hajavuka ua kuja karakana. Hata mlangoni hafiki. Nikimgusia, jibu ni lile lile: yeye na useremala, basi. Anasema hivyo halafu anaangalia ukuta.

Mimi nilikuwa mtu wa msasa na vanishi tu. Sasa mashine ni yangu. Mungu nisaidie.

Jumanne, 4 Machi

Fundi mashine kaja. Tunamwita Fundi Ngoja, maana ukigusa chochote — "Ngoja!" Ameunganisha umeme, kisha akachomoa waya mbele ya macho yangu na kunikabidhi spana. Hafungi yeye, kasema, nifunge mwenyewe. Siku vitu vikilegea hatakuwepo kunishika mkono.

Haya, somo. Mkanda kwanza, ule utepe wa chuma wenye meno. Uvishe kwenye magurudumu mawili, ukaze, uzungushe kwa mkono mpaka utembee mahali pake bila kuhama. Ndipo uwaendee walinzi. Hilo ni jina la mume wangu kwa vile vyuma vidogo vinavyoushika mkanda kushoto na kulia usiyumbe, na kile cha nyuma kinachouzuia usirudi. Wapo wa juu ya meza, wapo wa chini. Wasikae mbali na mkanda, wala wasiuguse. Mwanya wa karatasi moja, basi.

Nikararua kipande cha boksi la majani ya chai. "Ngoja! Hiyo ni boksi, mama, si karatasi." Tukatumia risiti ya vanishi. Ikapita kati ya chuma na mkanda kwa shida kidogo, na fundi akatabasamu. Sikujua ana meno mazuri hivyo.

Jumatano, 5 Machi

Nimekata ubao peke yangu. Umeenda upogo! Mchoro wangu huku, msumeno kule. Nilitaka kulia.

Nikachomoa waya, nikapiga magoti, nikachungulia chini ya meza. Walinzi wa chini! Nimewasahau kabisa, wamekaa huko kama wageni wasiokaribishwa. Nikawasogeza, risiti yangu mkononi. Jaribio la pili — umenyooka. Umenyooka kabisa! Halafu utulivu wa msumeno huu. Ule wa zamani ulipiga mayowe mtaa mzima ukajua tunakata. Huu ni mvumo tu, na ubao ukiingia sauti inazama kidogo. Nilikaa kwenye maranda nikacheka mwenyewe kama mwehu.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimewaka. Nilitoka asubuhi kwenda dukani kununua gundi. Kurudi, nawasha mashine — mayowe! Yale yale ya zamani. Nikazima mbio. Mkanda wa moto haushikiki, meno yamegeuka bluu. Walinzi wamebanwa kiasi kwamba hata karatasi haipenyi.

Nikamfuata mama mkwe. Nani kaingia karakana? Akajidai anakunja nguo. "Mimi mzee, mwanangu, macho yenyewe haya." Macho yanayoona sindano uvunguni! Nikamkazia. Ndipo akaninong'oneza: mwanawe. Nilipotoka tu, aliingia. Akawasha, akasikiliza, akatikisa kichwa. Akasema imenyamaza mno, kuna kitu kimelegea. Akachukua spana kwa mkono ule ule mbovu, akawabana walinzi mpaka mashine ikalia kama aliyoizoea. Hapo akaridhika, akazima, akarudi kwenye redio yake.

Nilikuwa nimefungua mdomo kugomba. Kavuka ua! Kashika spana! Nikaenda stoo, nikafunga mlango, nikalia kwa furaha. Mkanda umekufa, ndiyo. Mikanda inauzwa.

Jumamosi, 8 Machi

Sijamwambia baba watoto kitu. Mezani nikamsimulia mama mkwe, kwa sauti, jinsi mashine hizi mpya zinavyotaka: zikilia ujue zinaumia, walinzi waachiwe mwanya wa karatasi. Mama mkwe akaitikia kwa kila neno, "Ehe! Kumbe!" Mnafiki mkubwa, nampenda.

Baba watoto akaacha kutafuna. Hakunitazama.

"Karatasi ya aina gani?"

Jumatatu, 10 Machi

Amekuja mwenyewe baada ya chai. Sikumwita. Amesimama mlangoni kitambo, halafu akaingia kama mtu anayeingia nyumbani kwake.

Tumevisha mkanda mpya pamoja. Kanifokea kwamba nashika vibaya. Raha iliyoje kufokewa! Kamaliza walinzi wa juu, kalala chali chini ya meza kwa wale wa chini. Risiti ilimponyoka mara kwa mara, vidole vilivyobaki havijazoea. Sikumwokotea. Mkanda ukizungushwa kwa mkono haugusi popote.

Kisha akasema, "Mama watoto, kakae kule. Ukinitazama natetemeka."

Basi niko kule. Juu ya mbao, karibu na mlango, shajara magotini. Naandika ili nisimtazame.

Kachomeka waya.

Kawasha. Mvumo tu, hakuna mayowe. Bado hajasukuma ubao, ningesikia sauti ikizama. Bado. Nilidhani nitaogopa, kumbe nimetulia kama niliyetua mzigo.

Bado.

Imezama! Na harufu ya mbao hiyo, imenifikia mpaka huku. Sijainua kichwa. Mama mkwe kaja nyuma yangu, nguo zake begani, kanikandamiza bega nisisimame. Yeye ndiye anayetazama kwa ajili yetu wawili. Ananinong'oneza: kafika nusu, mwanangu, anafuata mchoro, kafika kwenye kona, tulia, anamaliza! Mashine imezimwa. Nainua kichwa.