Dada Kafungwa Kwenye Mtumbwi

Shoga, huku ziwani si kwema.

Leo ndiyo ile siku ya "makasia kwa wote", ya walemavu kupanda mitumbwi, aliyoalikwa dada, si unajua miguu yake haina nguvu? Kocha kamfunga kwa kamba kwenye kiti cha mtumbwi. Kamfunga! Eti akae wima apendeze pichani.

Dada kamuuliza, "Nikipinduka je?"

"Hutapinduka."

Hutapinduka!! Dada kagoma, tukamtoa. Akasema, "Usukumeni mtupu kwanza."

Wakausukuma. Kiwimbi tu kikaugusa, ukalala kifudifudi.

Kocha akasema, "Haya, anayefuata." Anayefuata ni mama asiyeona!

Sasa dada kaziba gati kwa kiti chake cha magurudumu. "Hapiti mtu." Kocha kaenda kuita walinzi. Wanakuja wanne.