Kipande cha Nne

4 Juni

Kwa mwanangu mwalimu wa kemia,

Hujambo? Sisi wazima, ila mgongo wangu unanikumbusha umri kila nikiinama. Mama yako anakusalimu. Ameanza kusafisha chumba chako, maana shangazi yako anakuja kukaa nasi.

Mwalimu mkuu mpya ameniagiza nioshe chupa zote kuukuu za stoo ya maabara kabla wakaguzi hawajafika. Miaka ishirini na sita nimeshika funguo hizi, lakini kemia yenyewe naijua kwa harufu tu. Kuna chupa moja yenye mabonge ya kijivu, mafuta yake yamekaribia kukauka. Karatasi ya jina imeliwa na mende, zimebaki herufi tatu: s, o, d. Nimwage, nisuuze?

Baba yako, mzee wa funguo

11 Juni

Baba, shikamoo.

Usimwage! Usiisogeze karibu na bomba! Hiyo ni sodiamu. Elektroni zake kumi na moja zimepangwa hivi: mbili ndani, nane zinafuata, kisha moja peke yake nje. Hiyo moja ndiyo balaa. Sodiamu inataka kuitoa kwa yeyote, na ikikutana na maji inaitoa kwa fujo:

2Na + 2H₂O → 2NaOH + H₂

Hesabu, Baba. Kila upande sodiamu mbili, haidrojeni nne, oksijeni mbili. Kilichoingia hakipotei. Hapo hutoka kitu kikali cha kuunguza nyama, na gesi inayoshika moto. Ikishaitoa elektroni hiyo inakuwa ioni, yaani chembe yenye chaji, imetulia, ndiyo iliyomo kwenye chumvi unayokula. Bonge lenyewe halijatulia. Lifunike kwa mafuta ya taa, ufunge mlango.

Mama hajambo?

Mwanao

19 Juni

Mwanangu,

Salamu nyingi, na pole na kazi. Nimefanya ulivyosema huku jasho likinitiririka, na jasho lenyewe likanitisha, si ni maji? Mkuu nilimwonyesha hesabu yako, akapiga simu palepale. Zimamoto watakuja kuichukua chupa.

Ila daftari la stoo linasema vipande vinne. Nimehesabu mara tano, ni vitatu. Umesema kilichoingia hakipotei. Niliandika vinne mwaka ule ulipokuwa kidato cha nne hapa. Nimepekua rafu zote, usingizi umenikimbia. Ni mtoto wa nani anatembea nacho? Unakumbuka lolote?

Mama yako hajambo. Kila siku anatoa makopo chumbani kwako, anasema ulikuwa kama panya.

Baba yako

27 Juni

Baba, shikamoo.

Kipande cha nne nilikichukua mimi, siku niliyokusaidia kufuta rafu. Nilitaka kuwaringia wenzangu moto juu ya maji, halafu nikaogopa, na kukuambia nikaogopa zaidi. Kimo kwenye kopo la mafuta ya kupaka, nyuma ya kabati langu. Mwambie Mama asiliguse. Asilioshe!

Nimepiga simu ya shule tangu asubuhi, inalia tu. Ruhusa nimenyimwa, nasimamia mitihani. Barua hii nampa dereva wa basi, nimemsihi aifikishe mkononi mwako kesho. Naogopa, Baba. Naogopa sana.

Mwanao

30 Juni

Mwanangu,

Basi liliharibika njiani. Barua yako nimeipata leo, Alhamisi. Mama yako alilitumbukiza kopo kwenye beseni la maji Jumanne.

Nilikuwa uani niliposikia mlipuko. Nilimkuta amekaa chini, mikono usoni, beseni limepasuka. Nilimmwagia maji machoni ndoo baada ya ndoo, nikiwa sijui hata nilichokuwa nakiosha. Daktari anasema jicho la kushoto litapona. La kulia hasemi kitu.

Kila akiamka ananiuliza, kopo la mafuta linalipukaje? Tangu leo mchana najua. Nimemwambia mwalimu wa kemia yuko njiani, atamweleza mwenyewe. Kiti chako nimekiweka upande wa jicho linaloona.

Baba yako