Kocha Aliyekula Viazi Akadanganya

Mshauri wangu mpendwa, nakuandikia huku uso umenishuka, nisaidie kabla sijaharibu zaidi. Mimi ni kocha wa mieleka katika chuo kikuu kimoja hapa Iowa, na ni mke wangu Renae aliyeniambia nikuandikie kwa sababu amechoka kuniona nakaa garini nje ya nyumba siingii ndani, na kusema kweli hata nikiingia siwezi kumtazama machoni.

Chuo chetu tangu enzi za babu zetu kimekuwa ligi moja na majirani, asubuhi mnapanda basi, mnapigana, mnakula, jioni mko nyumbani, lakini ligi ile sasa inavunjika, vyuo vinatoka kimoja kimoja kufuata pesa za televisheni, na sisi tumealikwa kwenye ligi kubwa ya vyuo vya kutoka bahari hadi bahari, na ili tuingie lazima uwanja wa mpira wa Kimarekani upanuliwe na wachezaji wa mpira, wale wa helmeti, walipwe, maana siku hizi wanalipwa, na pesa hizo lazima zikatwe mahali, kwa hiyo Alhamisi iliyopita mkurugenzi wa michezo, Bwana Pruitt, akaniita ofisini, akafunga mlango, akasema, "Verlyn, kaka yangu, mieleka inafutwa msimu huu ukiisha. Bodi inapiga kura mwezi ujao. Mpaka hapo, funga mdomo."

Nikamuuliza, "Na vijana ninaowasajili?"

"Wasajili kama kawaida. Ukiacha ghafla, wafadhili watanusa, na wazee wa mieleka wataanza kelele. Halafu wewe usiwe na wasiwasi, nimekuwekea kiti kwenye ofisi ya kuchangisha pesa. Unajua kuongea na watu."

Mshauri, nilimwambia asante. Timu yangu inazikwa, na mimi nasema asante.

Jioni ile ile nilikuwa na miadi shambani kwa kijana anaitwa Tyce, kijana mzuri ajabu, anaishi na mama yake Jolene, na unajua kwetu kocha akija kumwomba mtu mtoto wake lazima ale kwanza, ukikataa chakula hata usifungue mdomo, basi mama alikuwa ameoka viazi na jibini na nyama ya nguruwe, nikala, nikasifu, nikaongezewa, na nikiwa na uma mkononi kijana akaniuliza, "Kocha, watu mtandaoni wanasema mkihamia ligi kubwa mtazifuta timu za michezo midogo. Ni kweli?"

Nikamjibu, "Mwanangu, watu wa mtandaoni hawana kazi. Utavaa rangi zetu miaka yako yote minne."

Mama yake akacheka akapiga meza. "Nilikwambia, Tyce! Mtu mwenye masikio kama yale hawezi kudanganya." Masikio yangu yamevimba yakakunjamana, ndivyo tulivyo wote tuliopiga mieleka tangu utotoni, na hapa kwetu watu huyaheshimu, na siku ile niliona aibu hata ya kuwa nayo kichwani.

Tyce akampigia simu pale pale mezani kocha wa chuo kidogo kule Minnesota, ambacho hakihami popote kwa sababu hakuna ligi inayokitaka, akamwambia samahani, ameshachagua. Yule kocha, mtu muungwana, akasema, "Sawa, mwanangu, lakini nafasi yako naishikilia mpaka utakapovaa kofia yao." Kofia ya chuo alichochagua, maana ndivyo vijana wanavyotangaza hapa, ataivaa Jumatatu wiki ijayo, kwenye ukumbi wa michezo wa shule yake, kofia za vyuo zimepangwa mezani na wenzake wote wanapiga makofi, na akishasaini mkataba ndiyo basi.

Nilipoaga, Jolene akanipakulia viazi vilivyobaki kwenye bakuli lake la kioo la kuokea, chini amebandika selotepu yenye jina lake, akasema, "Utanirudishia ukipita." Bakuli kama hilo halirudi tupu wala halikai nyumbani kwa watu, kila mtu hapa anajua. Liko kwenye kiti cha gari mpaka sasa. Sijavila vile viazi, kuvitupa siwezi, vimeanza kunuka, nami nakaa navyo.

Nikisema, kiti changu kimekwenda, na wasaidizi wangu wawili wanaweza kufukuzwa pamoja nami. Na pengine bodi itakataa kuifuta mieleka, kumbe nitakuwa nimeiua timu kwa mdomo wangu mwenyewe. Isitoshe Tyce ufadhili wa masomo hawatamnyang'anya, atasoma. Jolene anasoma ukurasa wako gazetini kila Jumapili, aliniambia anachekeshwa na ujinga wa watu. Niseme, au nisubiri kura? Renae anasema jibu ninalo, natafuta tu wa kunibembeleza.

Ni mimi, mwenye masikio ya uongo.

*

Kocha, pole sana. Ishike vizuri pole hiyo, maana nyingine sina.

Ligi hukuivunja wewe. Waliivunja watu wa suti ambao hawajawahi kufagia mkeka wa mieleka, na kufiwa na timu uliyoilea ni msiba, lia usione haya. Lakini usinichanganyie ligi na ulimi wako. Pruitt alikwambia unyamaze. Wewe hukunyamaza! Uliulizwa swali safi na mtoto wa watu, ukamdanganya huku unatafuna chakula cha mama yake.

Eti atasoma. Kwani alikuuliza habari za ada? Alikuuliza kama atapigana. Eti bodi huenda ikakataa. Basi mwache achague akijua hivyo, kama anataka kubahatisha abahatishe mwenyewe. Wasaidizi wako nao ni watu wazima wenye familia, waambie leo waanze kutafuta kazi, badala ya kuwafanya kisingizio. Na hicho kiti cha kuchangisha, hebu niambie, utamwomba nani pesa? Wale wazee wa mieleka? Watakutazama hayo masikio wakufungulie pochi?

Halafu kuna jambo nusura linipite. Kwa nini umeniambia Jolene anasoma ukurasa huu? Hukuwa na haja ya kuniambia. Ulitaka mimi nimwambie, wewe ubaki garini. Mjanja wewe! Renae amekuelewa kuliko unavyojielewa.

Sasa sikiliza. Mwaga hivyo viazi. Osha bakuli kwa mikono yako, oka kitu mwenyewe, usimtume Renae, kisha endesha gari mpaka shambani. Usipige simu. Waambie wote wawili ukiwa umesimama: "Nilijua, na niliwadanganya." Usianze na Pruitt. Usianze na televisheni. Wakikukaribisha chakula, usile. Ukitoka hapo mpigie wewe yule kocha wa Minnesota, umwombee kijana nafasi yake. Ndipo uende kwa Pruitt ukamwambie ulichofanya, na kiti chake akikalie mwenyewe.

Jibu hili nimekutumia Jumatano asubuhi, ili uwe na muda. Leo ni Jumapili, na barua yako nimeichapa yote. Majina nimeyabadilisha. Bakuli sikulibadilisha.

Na wewe, mama, unayesoma hapo na kahawa yako: kama bakuli lako limerudi wiki hii, na kocha amesimama mlangoni kwako, kumsamehe au kutomsamehe ni juu yako. Kama halijarudi, mwamshe mwanao. Apige simu Minnesota leo.