Vali ya Ukingoni: Taa Inawaka, Maji Yanapita

JUMUIYA YA WATUMIA MAJI, KIJIJI CHA NAHUNGURU, KATA YA MNYAMBE, NEWALA

KIKAO CHA DHARURA, JUMATANO TAREHE 9 OKTOBA 2024, OFISI YA KIJIJI. Kilipangwa saa 2:00 asubuhi, kikaanza saa 3:40.

WALIOHUDHURIA
Bw. Kasiani – Mwenyekiti
Bi. Kibibi – Mhazini
Bw. Abdulrazaki – Mjumbe, Kitongoji cha Shuleni (kwa vipindi)
Bi. Shakila – Katibu

WAALIKWA
Bw. Erasto – Fundi wa Jumuiya
Bi. Zena – Mhudumu wa tangi

HAKUHUDHURIA
Bw. Majaliwa – Mjumbe, Kitongoji cha Ukingoni. Alituma ujumbe kwamba korosho zinaanguka na hazingoji kikao.

KUMB. NA. 1/10/2024: KUFUNGUA
Mwenyekiti alieleza kwamba ajenda ni moja, nayo ni kama Bi. Zena aendelee na kazi au aondolewe. Aliwaomba wajumbe wajadili bila kutajiana koo.

KUMB. NA. 2/10/2024: KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA
Bw. Abdulrazaki alilalamika kwamba zimemwonyesha kama mtu aliyekuwa akifoka. Katibu alijibu kwamba alikuwa akifoka. Zilithibitishwa.

KUMB. NA. 3/10/2024: TUHUMA
Bw. Abdulrazaki alieleza kwamba siku ya maji tangi hufunguliwa upande wa Ukingoni kwanza. Ikifika adhuhuri, Bi. Zena anatakiwa kubonyeza kitufe ili mota ifunge vali ya Ukingoni, kisha iwe zamu ya Shuleni. Tangu mota iwekwe mwezi Julai, Shuleni wanapata maji membamba na tangi linakauka kabla foleni haijafika katikati, wakati Ukingoni bomba halikauki. Alisema Bi. Zena ameolewa Shuleni lakini mama yake na wajomba zake wako Ukingoni, na kila mtu anajua damu inakoelekea. Mwenyekiti alimkumbusha kuhusu koo. Bw. Abdulrazaki alisema hajataja ukoo, ametaja wajomba.

Bi. Zena alijibu kwamba hubonyeza kitufe, mota hulia, taa ya kijani ya "imefungwa" huwaka, naye hukimbilia foleni kama wengine. Alimgeukia Bw. Abdulrazaki, akaomba maneno yafuatayo yaandikwe kama alivyoyasema: "Baba Rahima, tangu uliponisema pale bombani, ndoo yangu inatolewa kwenye mstari. Naiweka, nikigeuka naikuta pembeni. Nachota mwisho, na mwisho hakuna maji. Mwanangu Pendo anakwenda shule na sare chafu. Shikamoo naamkia, siitikiwi."

Katibu alikasirika na anaomba hilo nalo liandikwe.

KUMB. NA. 4/10/2024: MWONGOZO WA KUREKEBISHA VALI
Bi. Kibibi aliuliza mota inajuaje kwamba vali imefika mwisho. Bw. Erasto alieleza kwamba ndani yake mna swichi ya nguvu. Vali ikishafunga, mota husukuma ikakwama, swichi hukata umeme na kuwasha taa. Kiasi cha nguvu cha kukatia kilipangwa na yeye mwenyewe kwa kufuata mwongozo alioandika na Kamati hii ya Jumuiya ikaupitisha.

Bi. Kibibi aliuliza kilipangwa siku gani. Bw. Erasto alijibu kwamba ilikuwa siku isiyo na maji, bomba likiwa kavu, na ndivyo mwongozo unavyoelekeza katika kipengele cha kwanza. Alipoulizwa kwa nini, alisema siku ya maji yuko kwenye foleni.

Mwenyekiti aliuliza kama yupo mjumbe aliyewahi kufika tangini siku ya maji. Hakuwepo. Mwenyekiti naye alisema hukaa kwenye foleni, kwa sababu akimtuma mtu ndoo hurudi nusu. Ilibainika pia kwamba vikao vyote vya Jumuiya, hata kile kilichopitisha mwongozo, hufanyika siku zisizo na maji.

Bw. Erasto alisema kwamba bomba likiwa kavu vali huteleza yenyewe, na nguvu kidogo inatosha. Maji yakiwemo huisukuma vali irudi nyuma, na huenda mota inakutana na maji ikadhani imefika. Bw. Abdulrazaki alisema mota haina wajomba wa kuitetea na fundi asiisemee. Bw. Erasto alisema mwongozo ulipitishwa na Kamati nzima. Mwenyekiti alikiri kwamba Kamati iliupitisha kwa kuwa ulikuwa umechapwa vizuri.

KUMB. NA. 5/10/2024: MAJI KUFIKA
Saa 4:50 zilisikika kelele nje kwamba maji yamefika kabla ya siku yake. Bw. Abdulrazaki aliomba udhuru mfupi, akaondoka akikimbia. Bi. Kibibi alisimama. Mwenyekiti alifunga mlango, akaegemea, akasema kikao kinahamia tangini na atakayekwenda kwenye foleni ajihesabu amejiuzulu. Bi. Kibibi alikaa. Katibu ana ndoo saba tupu nyumbani na anasema wazi kwamba aliumia.

KUMB. NA. 6/10/2024: JARIBIO LA TANGINI
Laini ya Ukingoni ilifunguliwa hadi maji yakapita kwa nguvu. Bi. Zena alibonyeza kitufe cha kufunga. Mota ililia kidogo, ikanyamaza. Taa ya kijani iliwaka.

Mwenyekiti alivua kofia, akaweka sikio kwenye bomba la Ukingoni. Alieleza kwamba maji yanapita, tena yanapita kwa raha. Bw. Erasto alishika usukani wa vali na kuendelea kufunga kwa mkono. Ulizunguka sana. Alipofika mwisho alikuwa anatokwa jasho, na bomba lilinyamaza. Muda wote huo taa ya kijani ilikuwa inawaka.

Laini ya Shuleni ilifunguliwa. Baada ya muda mfupi Bw. Abdulrazaki alirejea kikaoni akiwa amelowa kuanzia kichwani, akauliza nani amechezea maji, kwa kuwa bomba la Shuleni limerusha mpira wa kuchotea na kuangusha ndoo zote za mbele, yake ikiwa ya kwanza. Mwenyekiti alimwomba aweke sikio kwenye bomba la Ukingoni. Aliweka. Alikaa nalo pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

KUMB. NA. 7/10/2024: MAAZIMIO
(i) Swichi ya nguvu ipangwe upya maji yakiwa bombani. Siku hiyo Kamati itamshikia Bw. Erasto nafasi yake kwenye foleni.
(ii) Taa isiaminiwe peke yake. Kila vali ikifungwa, usukani ujaribiwe kwa mkono.
(iii) Ukingoni wafidiwe zamu yao leo mchana. Bw. Majaliwa ataelezwa akitoka kwenye korosho.
(iv) Bi. Zena hana kosa na anaendelea na kazi.

Bw. Abdulrazaki alisema anaafiki, na kwamba neno "hana kosa" likishaandikwa linatosha. Bi. Zena alisema: "Kuandikwa nashukuru. Lakini pale bombani hakuna anayesoma kumbukumbu." Bw. Abdulrazaki alisema nguo zake zimelowa, angeomba iwe siku nyingine. Mwenyekiti alisema nguo zitakaukia njiani.

KUMB. NA. 8/10/2024: KUFUNGA
Kikao kilihamia bomba la Shuleni, foleni ikiwa ndefu. Bw. Abdulrazaki alisema mbele ya watu kwamba vali ilikuwa haifungi, kwamba Mama Pendo alisingiziwa, na aliyemsingizia ni yeye. Alisema kwa sauti ndogo. Watu wa nyuma walidai hawakusikia, akarudia. Kisha aliichukua ndoo ya Bi. Zena iliyokuwa pembeni, akaiweka mbele, pale ilipoangukia ya kwake, na ya kwake akaipeleka mwisho.

Bibi mmoja aliyekuwa wa pili alimwambia Bi. Zena, "Marahaba." Bi. Zena alikuwa hajamwamkia siku hiyo.

Kikao kilifungwa saa 6:15 mchana. Mwenyekiti alitia saini akiwa amesimama kwenye foleni, karatasi ikiwa juu ya ndoo.

Kasiani (saini) – MWENYEKITI

Shakila (saini) – KATIBU