Mahali pa Kugeuzia Lori

Jumamosi, 5 Aprili 2025

Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha gambuti langu la kushoto, lililotutoka asubuhi hii katika tope la Mihang'o. Limeacha pacha wake wa kulia. Mimi, mwenyekiti mzima wa chama chetu cha kununua ploti, nimerudi nyumbani Umoja na soksi. Mke wangu Millicent amecheka mpaka akakaa chini. Eti, hiyo ndiyo estate uliyoniahidi?

Ndiyo hiyo. Udongo ule mweusi haunywi maji — mvua mbili tu na mashimo ya choo yamejaa, na kisima chetu sote kiko pale pale. Leo tukaita lori la kunyonya choo. Kuingia liliingia. Kutoka sasa! Halina pa kugeukia. Limerudi kinyumenyume mpaka likaangusha seng'enge ya Ndung'u, yule anayeuza mbuzi Kiamaiko. Ndung'u akaanza kuokota nguzo zake, moja moja. Afadhali angetukana.

Jumanne, 8 Aprili 2025

Ofisi ya mipango imekataa ploti zetu. Matangi ya choo yasivuje, na lori lipate pa kugeukia — la sivyo hakuna hati.

Mureithi, mpimaji wetu, amenikumbusha kwa upole kwamba mahali pa kugeuzia yeye alipaweka, mwisho wa barabara. Sisi ndio tulipafuta. Ploti zilikuwa ishirini na tatu, wanachama ishirini na wanne, tukasema hatumwachi mtu. Tukabana, tukaomba, tukachota karatasi kwenye sufuria, kila mtu na namba yake. Makofi. Niliyaongoza mimi.

Sasa ploti moja lazima ife. Zinazofaa ni mbili tu, zile za mwisho zinazotazamana. Ya Wacuka — mjane, anashona viatu vya tairi Kariokor, ameshahamia na vyumba vyake viwili vya mabati. Au yangu. Yangu ina mahindi, tena yamegeuka manjano kwa maji.

Millicent nimemwambia yote isipokuwa hiyo "au".

Jumapili ya Matawi, 13 Aprili 2025

Mkutano baada ya kanisa. Wacuka hakuja, ana oda za Pasaka.

Nikapendekeza tuchote karatasi upya, mimi na yeye. Wakakataa — Mungu alishagawa, tutamwambia alikosea? Ndung'u akasema shimo la Wacuka liko karibu mno na kisima, lingefukiwa tu. "Kati ya mahindi ya mwenyekiti na choo cha Wacuka, nyinyi mnakunywa kipi?" Watu wakacheka. Wacuka atarudishiwa mchango wake, wakasema, polepole.

Ningeweza kusema "chukueni yangu". Nikasema tupige kura.

Wanaokubali ploti ya Wacuka iende, mikono juu. Wangu ulikuwa umeshika tawi. Sijui walihesabuje. Sikuuliza.

Kumwambia nimeachiwa mimi. Ndiyo faida ya cheo.

Alhamisi, 17 Aprili 2025

Millicent nimemwambia Wacuka amepokea vizuri.

Kilichotokea ni hiki. Tumefika na Mureithi na utepe wake. Wacuka alikuwa anapiga deki, nyumba iwe safi kwa Pasaka. Alipotuona akafurahi, akadhani barabara yetu imekubaliwa. Akasema enyewe amekuwa akiniombea, maana lori likifika mlangoni kwake atalala bila ile harufu. Akatuwekea chai. Nikanywa. Nikaongeza sukari.

Mureithi akanitazama. Nikasema ngoja kwanza tupime.

Hakukuwa na mtu wa kushika utepe upande ule. Wacuka akafuta mikono kwa leso, akaishika ncha mwenyewe. Akaanza kurudi nayo, akapita mlango wake, akapita kuku wake, mpaka ukutani nyuma ya chumba cha pili.

"Hapa, Mwenyekiti?"

Mureithi akatikisa kichwa. Haijatosha.

"Rudi nyuma kidogo, mama," nikasema.

Akarudi, polepole, asikanyage sukuma wiki.